Kwa Nini Besi Inanguruma Lakini Haisikiki

Bendi inapiga, sakafu inatetemeka, chupa zinagongana mezani, na bado ukimwomba msikilizaji akuimbie besi ya wimbo uliokwisha sasa hivi, hana cha kuimba. Mngurumo ameupata, noti hakuzipata. Utayakuta haya kwenye kumbi za harusi, kwenye makanisa yenye kwaya za vyombo na kwenye baa za wazi zinazopiga dansi mwisho wa juma. Lawama huangukia amplifaya: eti ni ndogo, ni ya zamani, wati hazitoshi. Mara chache sana ndiyo yenye kosa. Besi inayosikika vizuri jukwaani hutegemea mambo ambayo mengi hayana gharama, ila yanataka mtu aelewe sauti ya gitaa lake la besi inakaa wapi. Na kwa sehemu kubwa haikai kwenye kitufe kilichoandikwa besi.

Uzi wa E, ule mnene wa gitaa la nyuzi 4, ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. A ni hezi 55, D ni 73, G ni 98. Wenye gitaa la nyuzi 5 wana B ya chini kabisa, hezi 31. Lakini uzi hautetemeki kwa namna moja tu. Uzi uleule wa E, kwa wakati uleule, unatoa pia hezi 82, 124, 165, 206 na kuendelea juu, kila moja kwa nguvu yake. Mkusanyiko huo ndio unaotutambulisha kwamba hii ni besi, hiki ni kinanda. Na sikio la binadamu lina uwezo wa kushangaza: likipewa zile za juu kwa mpangilio wake, linaijenga lenyewe ile ya chini hata kama haipo kabisa hewani.

Ushahidi wake uko kwenye redio ndogo ya mkononi. Spika yake ya upana wa kiganja haiwezi kutoa hezi 41, wala 55, wala 73. Weka humo nyimbo za Les Wanyika, kundi lililozaliwa Nairobi mwaka 1978 kwa wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika, halafu sikiliza besi ya Tom Malanga. Unaifuata noti kwa noti. Unaweza kuipiga kwa mdomo ukiwa unapika. Besi yote hiyo inakufikia kupitia sauti za kati, na kichwa chako kinajaza iliyobaki.

Sasa tazama upande wa pili, kwenye vifaa vya bei kubwa. Amplifaya ya Ampeg SVT ilitoka mwaka 1969, wati 300, na boksi lake la spika 8 za inchi 10 limekuwa kipimo cha besi ya jukwaani tangu siku hizo. Boksi la aina hiyo linalojulikana kama SVT-810E, kwa vipimo vya Ampeg wenyewe, huanza kupungua nguvu kwenye hezi 58, na likifika hezi 40 limeshashuka desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Maana yake boksi linaloheshimiwa kuliko yote linaitoa E ya chini ikiwa dhaifu, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba halina besi. Watu wanalipenda kwa sababu kila noti inatoka na sura yake.

Ukishalishika hilo, utaelewa kwa nini sauti uliyoitengeneza chumbani inakusaliti jukwaani. Nyumbani mtu anapiga peke yake na kwa sauti ya chini, asiwaamshe watoto. Anapandisha besi, anapandisha trebo (sauti za juu), anashusha midi (sauti za kati), na sauti inakuwa tamu kweli. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Bell Labs ya Marekani, walionyesha kwa vipimo kwamba sikio halizisikii sauti zote kwa usawa: kwenye ujazo mdogo linazipuuza zile za chini, na ujazo ukipanda linaanza kuzisikia vizuri. Kwa hiyo besi uliyoiongeza chumbani ili kufidia upungufu wa sikio, jukwaani inakuwa ya ziada, kwa kuwa sikio limeshajifidia lenyewe.

Halafu kuna wenzako. Kiki, ngoma kubwa ya dramu inayopigwa kwa mguu, imekalia hezi 50 hadi 100. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda umekalia hukohuko na juu yake kidogo. Gitaa la rithim na tumba zinaanzia mia moja na kitu kwenda juu, na matoazi yamejaza kule juu kabisa. Ukishusha midi umejiondoa mwenyewe kwenye eneo ambalo ungesikika, ukabaki na mngurumo unaogombana na kiki na makwaruzo yanayomezwa na matoazi.

Eneo hilo la kati ninalolitetea linaanzia karibu hezi 250 na kuishia karibu 900. Chini ya hezi 40 hakuna kitu unachokihitaji kwenye gitaa la nyuzi 4. Kama amplifaya yako ina chujio la kukata sauti za chini, liwashe na usilifikirie tena. Kutoka 40 hadi 80 ni ule uzito unaougusa kifua. Kutoka 80 hadi 150 noti inapata unene. Kwenye 200 hadi 300 kuna joto zuri, lakini ndipo pia kumbi za zege zinapojaza matope, kwa hiyo ukumbi ukisikika mzito punguza hapo kwanza. Kati ya 400 na 900 noti inapata jina: mtu anajua hii ni C, ile ni D, na anasikia ilipoanza na ilipoishia. Kwenye 1,500 hadi 3,000 ni kidole kinapougusa uzi na uzi unapoipiga freti, vile vyuma vya shingoni mwa gitaa. Juu ya 4,000, kwa dansi au kwaya, sina ninachokitafuta huko.

Kwa hiyo ninavyoshauri ni hivi. Weka vitufe vyote katikati, kisha rudisha besi nyuma kidogo na uongeze desibeli 3 hivi kwenye midi, karibu na hezi 500. Ukiwa peke yako sauti hiyo itasikika ya puani kidogo na haitakufurahisha. Subiri bendi ianze. (Amplifaya zinazofuata mpangilio wa zamani wa kampuni ya Fender ni kesi tofauti: vitufe vyake vikiwa katikati midi tayari imeshushwa, kwa hiyo humo pandisha midi mpaka juu na ushushe besi na trebo ndipo uwe umeanzia usawa.) Wako wapiga besi hodari, hasa vijana wa injili wanaopiga kwa kofi la dole gumba, wanaopenda midi iliyochimbwa, na kwenye wimbo wenye vyombo vichache sauti yao hupendeza. Kwenye bendi yenye magitaa matatu, kinanda na tumba, inapotea yote.

Kuna sababu nyingine ya kukiogopa kitufe cha besi: kinakula umeme wa amplifaya yako. Desibeli 3 za ziada zinadai nguvu mara mbili. Desibeli 12, kiasi ambacho kitufe cha kawaida kinaweza kuongeza kikifika mwisho, zinadai nguvu karibu mara 16. Chukua amplifaya ya wati 300. Noti ya chini iliyokuwa ikihitaji wati 20 sasa inataka wati 320, na amplifaya haina. Inaanza kukatakata sauti, spika zinacheza kwa kutapatapa, na midi iliyokuwa inabeba noti inavurugwa pamoja na besi. Mwenye chombo anasema amplifaya ni ndogo, anakwenda kutafuta ya wati 600. Hiyo itampa desibeli 3, wakati ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu zinatakiwa kama 10. Angeshusha besi desibeli 6, angekuwa ameipata nguvu mara 4 bila kutoa shilingi.

Geini nayo inachanganywa sana na sauti kubwa. Geini huamua kiasi cha ishara kutoka kwenye gitaa kinachoingia kwenye amplifaya. Masta huamua kiasi kinachotoka kwenda kwenye spika. Shusha masta kabisa, piga uzi kwa nguvu zote utakazotumia usiku huo, pandisha geini mpaka taa nyekundu ianze kupepesa, kisha rudi nyuma kidogo. Baada ya hapo geini iache, cheza na masta tu. Kama gitaa lako linatumia betri ya volti 9, ishara yake ni kubwa kuliko ya gitaa lisilo na betri, ndiyo maana amplifaya nyingi zina swichi au tundu la pili la kuipunguza. Na betri hiyo, kwenye magitaa mengi, huwaka pale tu jeki inapoingizwa kwenye gitaa. Ukiliacha limechomekwa usiku kucha, kesho yake sauti inakuwa ya kukwama na kukwaruza, na utahangaika na vitufe ukitafuta tatizo ambalo liko mgongoni mwa gitaa.

Mahali pa kuweka boksi la spika panastahili muda kuliko vitufe vyote. Kwenye joto la nyuzi 30, hali ya kawaida ya ukumbi wa Dar es Salaam uliojaa, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Wimbi la E ya chini basi lina urefu wa mita 8 na nusu. Wimbi refu kiasi hicho halina mbele wala nyuma ya boksi: linazunguka pande zote, linaufikia ukuta ulio nyuma, linarudi, na linakutana na lile linaloelekea kwa wasikilizaji. Yakikutana, kuna noti zinazopandishana na kuna noti zinazouana.

Noti itakayouawa unaweza kuijua mapema. Pima umbali kutoka uso wa spika hadi ukuta wa nyuma, zidisha kwa 4, kisha gawa 349 kwa jibu hilo. Boksi ambalo uso wake uko mita 1 kutoka ukutani linapata shimo kwenye hezi 87. Hiyo ni F ya freti ya 3 kwenye uzi wa D. Jaribu uone: piga F ya chini, freti ya 1 ya uzi wa E, halafu piga hiyo F ya juu yake, huku mwenzako akisikiliza katikati ya ukumbi wenye ukuta wa zege nyuma ya jukwaa. Ya chini itatikisa viti. Ya juu itazama, na majirani zake E na G watakuwa wamepungua pia. Tena ile ya chini haijasalimika, kwa kuwa sauti ya juu ya kwanza inayotoka nayo kwenye uzi ni hezi 87 hizohizo. Imebaki na mtikisiko wake bila ile sauti inayolitambulisha jina lake. Huo ndio mngurumo tulioanza nao, na hakuna kitufe kinachoweza kuutibu, kwa sababu kila ukiongeza hezi 87 unaongeza pia zile zinazorudi kutoka ukutani kuja kuziua.

Dawa yake ni kusogeza boksi, na wengi hulisogeza upande usiofaa, yaani mbele zaidi. Lirudishe nyuma. Uso wa spika ukiwa sentimita 40 kutoka ukutani, maana yake mgongo wa boksi umeugusa au umekaribia kuugusa, shimo linapanda hadi karibu hezi 218, na huko juu boksi limeanza kuielekeza sauti mbele, kwa hiyo kinachorudi kutoka nyuma ni kidogo. Chini yake ukuta unakuongezea nguvu, hadi desibeli 6, basi punguza kitufe cha besi kwa kiasi hicho. Kona ya ukumbi inaongeza zaidi; kwenye ukumbi wa zege ikimbie. Kwenye baa ya wazi au uwanjani mambo yanageuka, kwani hakuna ukuta wa kukusaidia na besi inakuwa nyembamba. Hapo hata ukuta mfupi nyuma ya jukwaa ni mali, egemeza boksi kwake.

Jukwaa la mbao lenye uwazi chini lina tabia yake: linatetemeka pamoja na boksi na kuzalisha noti yake lenyewe. Weka kipande cha godoro chini ya boksi, au liweke juu ya kiti imara. Paa la bati nalo hulia kwa noti moja au mbili maalumu. Panda freti moja baada ya nyingine polepole kwenye uzi wa E na wa A kabla watu hawajaingia, utaisikia inayolifanya bati licheze, na kama una ikwalaiza (kifaa cha kupandisha na kushusha sehemu mojamoja za sauti) yenye sehemu nyingi utaipunguza hiyo tu na kuziacha nyingine.

Kuna faida nyingine ya kuinua boksi. Midi za juu na trebo hutoka kwenye spika zikienda mbele kwa mstari, hazizunguki kama zile za chini. Boksi likiwa sakafuni na mpiga besi amesimama mita moja mbele yake, sauti inayotamka noti inampiga magotini, masikioni anapata mngurumo. Anaongeza trebo, anaongeza masta. Aliyekaa meza ya mita 10 mbele, ambaye masikio yake yako usawa wa spika, anapigwa na yote hayo usoni. Inua boksi au liinamishe likutazame, na utajikuta unapunguza sauti kwa hiari yako.

Hilo la kupunguza lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ya fundi mitambo. Siku hizi kumbi nyingi zenye spika kubwa hupata besi kupitia boksi la DI, kisanduku kinachopeleka ishara ya gitaa kwenye mitambo ya fundi, au tundu la XLR nyuma ya amplifaya linalofanya kazi hiyohiyo. Boksi lako la jukwaani likiwa na sauti kubwa mno, linalovuja kuelekea kwa watu ni zile sauti za chini zinazozunguka pande zote. Midi inaishia kwa wenzako jukwaani na kwa wachache waliokaa mbele ya boksi moja kwa moja. Fundi akisikia besi imejaa ukumbini anashusha chaneli yako kwenye mikisa, meza yake ya kuchanganyia sauti, na chaneli hiyo ndiyo iliyokuwa inapeleka noti kwa wasikilizaji wengi. Wanabaki na mvujo. Kwa hiyo amplifaya ya jukwaani iwe ya kukutosha wewe na mpiga dramu, basi, na mwombe fundi kwa heshima, kabla shughuli haijaanza: "Fundi, nitaweka sauti ndogo huku jukwaani, wewe nibebe huko mbele." Kwenye lile tundu la XLR, kwa amplifaya nyingi, kuna swichi ya kuchagua ishara itoke kabla ya ikwalaiza au baada yake. Mimi napendelea kabla. Ukirekebisha vitufe kwa ajili ya ukuta wa nyuma yako, fundi hapati mshtuko, na yeye anarekebisha kwa ajili ya ukumbi wake.

Omu (kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme) na waya niziseme kwa ufupi, maana makosa yake huunguza vitu. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa kwa njia ya kawaida yanakuwa omu 4. Mawili ya omu 4 yanakuwa 2. Soma nyuma ya amplifaya kiwango cha chini inachokubali, na usikivuke. Amplifaya ya taa, yaani ya valvu za kioo, usiiwashe kamwe bila spika. Waya wa kutoka kwenye amplifaya kwenda kwenye boksi uwe waya wa spika, wenye plagi ya Speakon kama matundu yanaruhusu. Waya wa gitaa una uzi mwembamba ndani, haukutengenezwa kubeba wati mia kadhaa.

Umeme wa kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda, unakwenda kwa hezi 50. G ya freti ya 3 kwenye uzi wa E ni hezi 49. Mvumo wa umeme unakaa palepale inapokaa noti yako, na ukiuacha utachafua kila wimbo wa G. Ukitokea baada tu ya kuunganishwa na mikisa, bonyeza swichi ya kukata ardhi kwenye boksi la DI, au ombeni vyombo vyote vichukue umeme kutoka chanzo kimoja. Pini ya ardhi kwenye plagi ya ukutani usiikate wala usiizibe, hata fundi akikuambia ndiyo dawa. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa kundi la Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, alipoigusa maikrofoni ambayo haikuwa na ardhi. Kwenye bendi inayotembea na jenereta na viunganishi vya kienyeji, hili si jambo la kuahirisha.

Kabla ya kugusa chochote kwenye amplifaya, mkono wenyewe una ikwalaiza. Vidole vikikaa karibu na shingo ya gitaa, sauti inakuwa nene na laini. Vikirudi karibu na daraja, inakauka na kutamka. Usogezaji wa sentimita chache unaweza kukuokoa kwenye ukumbi mgumu bila kumsumbua fundi. Na besi ya dansi ina mapengo: inaongea, inanyamaza, inaacha tumba ijibu. Uzi usiozimwa vizuri kwa mkono wa kushoto unaendelea kulia kwenye pengo hilo, ukumbi unaushika, na msemo unaofuata unaingia juu ya mabaki ya uliopita. Mngurumo mwingi unaosingiziwa amplifaya ni nyuzi zilizoachwa wazi.

Wakati wa kujaribu vyombo, usikubali bendi ipige ubeti wa taratibu tu. Dai chemko, ile sehemu wimbo unapopamba moto. Kwenye chemko mpiga dramu anaongeza mkono, solo anapandisha, waimbaji wanapaza, na masta iliyotosha kwenye ubeti inakuwa haitoshi. Ukiwa tayari umeimaliza, hakuna mahali pa kwenda isipokuwa kukwaruza. Panga sauti kwa chemko, kisha ubeti upige kwa mkono mwepesi. Watu wakishajaa, miili na nguo zao zitameza midi na trebo kuliko zitakavyomeza besi, na ukumbi uliousikia mkali saa 11 jioni utakuwa umelainika ifikapo saa 4 usiku. Hapo ongeza midi kidogo, desibeli 2 hivi, na kitufe cha besi kiache kilipo.